Acheni Kuiita Dawa: Ile ni Sumu ya Mishipa ya Fahamu

Leo siandiki habari ya nafasi kati ya miche wala mbolea ya kukuzia. Leo naandika kwa ukali kidogo, na atakayekwazika anisamehe, ila asome mpaka mwisho.

Kuna neno moja linalotuumiza sana huku Mang'ola, nalo ni "dawa". Nimepiga dawa. Nipimie dawa. Dawa imeisha. Dawa ni kitu unachompa mtoto ili apone. Kilichomo kwenye bomba lako la mgongoni siku unapopambana na thripsi kwenye kitunguu, mara nyingi ni sumu ya kundi linaloitwa oganofosfeti, na kazi yake ni moja tu: kuvuruga mishipa ya fahamu mpaka kiumbe afe. Mdudu ana mishipa ya fahamu. Na wewe unayo, na inapeana taarifa kwa njia inayofanana na ya mdudu. Sumu haina macho ya kukutofautisha na thripsi. Tofauti yenu ni ukubwa wa mwili na kiasi kilichoingia.

Kwenye makaratasi ya ofisini tunaandika "viuatilifu". Ni neno sahihi, lakini halimtishi mtu yeyote. Kwa hiyo leo hapa nitaandika sumu.

Msidhani natia chumvi. Mwaka 1936 huko Ujerumani, mkemia aitwaye Gerhard Schrader, mwajiriwa wa kampuni ya IG Farben, alikuwa anatafuta sumu ya kuua wadudu wa mazao. Shida yake ilikuwa kama yako: wadudu wanakula shamba. Katika kutafuta akatengeneza kitu kilichokuja kuitwa tabuni. Kiasi kidogo tu kilipomwagika maabara, yeye na msaidizi wake wakaanza kuona giza na kifua kikawabana. Jeshi likapata habari, kitu kikachukuliwa kuwa silaha. Mwaka 1938 akaja na nyingine kali zaidi, sarini. Hiyo sarini ndiyo iliyoachiwa kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo tarehe 20 Machi 1995, ikaua watu zaidi ya 10 na kuwapeleka maelfu hospitali. Na ni Schrader huyo huyo aliyetengeneza parathioni, sumu ya shambani iliyopulizwa duniani kwa miaka mingi kabla nchi moja baada ya nyingine hazijaipiga marufuku.

Kwa hiyo sumu ya vita na sumu ya shamba ni ndugu wa tumbo moja. Sisemi wana nguvu sawa. Profenofosi na klorpirifosi zinazopigwa kwenye vitunguu na maharage hazina ukali wa sarini hata kidogo, na ile unga ya pirimifosi unayochanganya na mahindi ya ghala ni pole zaidi ya hizo. Lakini zinapoingia mwilini zote zinapita mlango ule ule na kufanya kitendo kile kile, tena zinajumlishana.

Kitendo chenyewe nikieleze kwa lugha ya mfereji, maana hapa kila mtu anajua zamu ya maji.

Ubongo ukitaka mkono usogee, unatuma taarifa kupitia mshipa wa fahamu. Mshipa ukifika kwenye msuli unamwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Hayo ndiyo maji yako ya mfereji: lango limefunguliwa, maji yameingia jaruba, msuli umefanya kazi. Sasa lazima awepo mtu wa kufunga lango, la sivyo jaruba litafurika na miche itaoza. Mwilini yuko mfungaji, naye ni kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi. Kazi yake ni kuivunja ile asetilikolini mara moja ili msuli upumzike, usubiri taarifa nyingine. Anafanya hivyo kwa kasi ambayo huwezi kuihesabu.

Oganofosfeti inamfunga mikono huyo mfungaji. Inang'ang'ania kwenye kimeng'enya na haitoki kirahisi. Lango linabaki wazi, maji yanaingia usiku na mchana, na mwili mzima unafurika. Na mwili unafurika kweli, kwa sababu mishipa hiyo hiyo ndiyo inayoamuru machozi, mate, kamasi, jasho, mkojo, tumbo na makohozi ya kifuani.

Ndiyo maana mtu aliyepata sumu hii anatokwa na machozi na mate mfululizo, analowa jasho hata kama amekaa kivulini, tumbo linamkata, anatapika, anaharisha, anajikojolea. Mboni ya jicho inakuwa ndogo kama tundu la sindano, na anakwambia anaona ukungu. Kifua kinabana, kinakoroma, kwa sababu njia za hewa zinajibana na kujaa majimaji. Halafu misuli inaanza kuchezacheza yenyewe chini ya ngozi, kwenye kope, kwenye mapaja, na baada ya kuchezacheza inachoka na kulegea. Msuli uliolegea ukiwa wa mguu, mtu ataanguka. Ukiwa wa kupumua, atakufa. Katikati ya hayo kunaweza kuwa na kuchanganyikiwa, degedege na kupoteza fahamu.

Ukiwa mwanzoni, yaani kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na jasho, sisi huku tunasema malaria. Au njaa. Au jua la Eyasi. Kijana amepiga bomba 12 tangu asubuhi, saa nane anatapika, wenzake wanamlaza chini ya mgunga na kumnunulia panadoli. Akiwa na mate mdomoni na kuyumba, wanasema amelewa. Nawaambieni: mtu aliyekuwa anapuliza au kuchanganya sumu, au hata anayepalilia shamba lililopulizwa jana, akianza kutoa jasho na mate na mboni ya jicho imekuwa ndogo, msiite malaria mpaka mhudumu wa afya aseme.

Mwaka 2007 Aiwerasia Ngowi na watafiti wenzake walichapisha matokeo ya kuwahoji wakulima wadogo wa mboga hapa Kaskazini mwa Tanzania. Asilimia 68 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupuliza kwa kawaida tu, bila ajali. Katika kila wakulima kumi, karibu saba. Nasi tukiumwa namna hiyo tunasema "dawa ni kali, hiyo ndiyo nzuri".

Sasa nakuja kwa yule anayeniambia kila mkutano: "Bwana shamba, mimi nimepiga dawa miaka 10 kifua wazi, mbona sijafa?"

Ndugu yangu, hujafa kwa sababu mwili wako una akiba. Huna mfungaji mmoja wa lango, unao wengi mno. Ukipuliza leo, baadhi wanafungwa mikono. Unajisikia kichwa kidogo, unalala, kesho unaona uko sawa. Hauko sawa. Kwenye chembe nyekundu za damu, kimeng'enya kilichoharibiwa kabisa kinarudi kwa takriban asilimia 1 tu kwa siku, kadiri mwili unavyotengeneza damu mpya. Wewe unapuliza kila wiki, au thripsi wakizidi, kila siku tano. Unatoa mfukoni kwa haraka kuliko unavyoweka. Siku moja unapiga kiasi kile kile ulichozoea, na unaanguka, na watu wanasema umerogwa kwa sababu "mbona siku zote anapiga".

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mtu anaweza kupata nafuu, akaruhusiwa, halafu kati ya siku ya kwanza na ya nne misuli ya shingo na ya kupumua ikalegea ghafla. Na kwa baadhi ya sumu hizi, wiki mbili au tatu baadaye miguu inaanza ganzi na udhaifu. Kwa hiyo mgonjwa wenu akirudi nyumbani, msimwache peke yake, na akishindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto, mrudisheni hospitali saa hiyo hiyo.

Wengi mnadhani sumu inaingia kwa pua, ndiyo maana ukimwambia mtu ajikinge anafunga kitambaa usoni na kubaki na kaptula. Kwa anayepuliza shambani, njia kubwa ni ngozi. Bomba linavuja kwenye kifuniko, maji yanateremka mgongoni, yanafuata uti wa mgongo, yanaingia ndani ya suruali. Nitasema waziwazi, tuko watu wazima: utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1971 ulionyesha ngozi ya korodani inanyonya parathioni zaidi ya mara 10 kuliko ngozi ya mkono. Na huko ndiko bomba bovu linakopeleka. Kitambaa cha usoni hakikusaidii hapo. Bora ufunge kifuniko vizuri kwa mpira mpya, uvae shati la mikono mirefu, suruali iliyoteremka nje ya buti, na kipande cha nailoni mgongoni chini ya bomba. Na glavu wakati wa kupima na kuchanganya, kwa sababu hapo unashika sumu yenyewe kabla haijaingia maji. Kama una uwezo wa kununua kitu kimoja tu msimu huu, nunua glavu za mpira, si zile nyembamba za hospitali.

Najua joto la Mang'ola. Ukivaa hivyo saa sita mchana utazimia kwa joto kabla ya sumu. Basi usipulize saa sita mchana. Anza alfajiri, saa tatu uwe umemaliza. Hata upepo wa Eyasi saa hizo bado haujaamka.

Lakini ukali wangu mkubwa leo si kwa kijana anayebeba bomba. Yeye analipwa kwa siku, au kwa bomba, na akisema hataki bila glavu atapata mwingine nyuma yake. Ukali wangu ni kwa watu wawili.

Wa kwanza ni wewe tajiri wa shamba. Unakodi ekari kumi, unanunua pampu ya maji, unalipia mafuta na mbegu na gunia na lori mpaka Arusha. Ukifika kwa anayepuliza, hesabu inaisha. Glavu na buti "ni vya kwake mwenyewe". Hapana. Sumu ni yako, shamba ni lako, faida ya kitunguu ni yako, basi na kinga ya mwili wa aliyekupigia sumu ni gharama ya shamba lako, kama mbegu. Na wale kina mama unaowaleta kupalilia wakiwa na watoto mgongoni, kwenye shamba lililopigwa jana jioni, nani amewaambia kuwa limepigwa? Lebo ina muda wa kusubiri kabla ya kuingia shambani, na muda mwingine wa kusubiri kabla ya kuvuna. Ukipiga Jumatatu na kung'oa Jumatano kwa sababu bei imepanda, mlaji wa Nairobi hakuoni, lakini wanao wanakula kitunguu hicho hicho.

Wa pili ni wewe muuzaji unayepimia. Unanunua lita, unaimimina kwenye chupa za soda na za maji, unauza kwa kifuniko. Lebo imebaki dukani kwako. Aliyenunua hajui jina, hajui kiasi cha kuchanganya, hajui siku za kusubiri, na akidhurika daktari hana pa kuanzia. Unaniambia "mkulima hana hela ya chupa nzima". Ni kweli hana, sibishi. Lakini zipo chupa ndogo za kiwandani zenye lebo. Agiza hizo. Na wakulima wanne wenye robo ekari kila mmoja wanaweza kununua lita moja yenye lebo yake na kuipiga siku moja. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 imeiweka biashara hii chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ile TPHPA ya Ngaramtoni, na kuuza sumu bila kibali na bila lebo hakuna nafasi humo. Ila mimi sikutishi kwa sheria. Nakukumbusha Bihar.

Julai 2013, katika kijiji kimoja cha jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana shuleni. Mafuta ya kupikia yalikuwa na monokrotofosi, oganofosfeti ya shambani. Yaliwekwa kwenye chombo kilichokuwa na sumu. Hakuna aliyetaka kuua mtu. Ni chombo tu. Sasa tazama jikoni kwako, tazama chupa ya maji anayobeba mwanao kwenda shule, uniambie kila moja ilitoka wapi.

Na wewe muuzaji ndiye mganga mkuu wa mchanganyiko. Mkulima analalamika thripsi hawafi, unamwambia "changanya hii na hii". Majina mawili kwenye chupa mbili, ndani ni oganofosfeti na oganofosfeti. Thripsi aliyezoea ya kwanza ameshazoea na ya pili, lakini mwili wa mpulizaji umepata dozi mbili. Ukichanganya oganofosfeti na pareto ya viwandani bila lebo kuruhusu, ya kwanza inazuia mwili kuivunja ya pili. Mkulima, soma hapa: kwenye lebo nyingi kuna namba ya kundi. 1B ni oganofosfeti, 1A ni kabamati, ambazo nazo zinamfunga mikono mfungaji yule yule, ingawa zinamwachia mapema zaidi. Kama hakuna namba, tazama jina la kiambata amilifu. Likiishia na "fos" au "phos", jua uko kwenye ukoo huo, ingawa wapo ndugu wasiokuwa na jina hilo, kama daimethoeti, malathioni na diazinoni. Thripsi wakikushinda, badili namba ya kundi. Usiongeze vifuniko. Na angalia mkanda wa rangi chini ya lebo: nyekundu ndiyo hatari kubwa kabisa, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani. Mwenye mahindi na maharage ya kuhifadhi anaweza kukwepa sumu kabisa kwa mifuko ya kuzuia hewa, wadudu wanakosa pumzi humo ndani.

Mtu akidhurika, fanyeni hivi. Mtoeni shambani kwenye hewa. Mvueni nguo zote, aibu iwekwe pembeni, kwa sababu nguo iliyolowa inaendelea kumlisha sumu. Mwosheni kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha pia, na nyie mnaomshika muwe na glavu au hata mifuko ya nailoni mikononi. Mlazeni kwa ubavu ili matapishi yasiingie kwenye mapafu. Msimtapishe. Na maziwa, jamani, acheni maziwa. Maziwa hayavunji sumu hii. Hayamfungui mikono yule mfungaji wa lango. Mnachofanya ni kumjaza tumbo mtu anayetapika na kushindwa kupumua, apaliwe, huku nusu saa ya safari imepotea. Hali kadhalika mafuta ya kula, mayai mabichi na mkojo.

Kinachotibu kiko hospitali. Inaitwa atropini, sindano inayozuia ile asetilikolini isiendelee kuamuru, na daktari huirudia mpaka kifua kikauke. Iko na nyingine, pralidoksimu, inayoweza kumng'oa mfungaji kutoka kwenye sumu, lakini kwa baadhi ya sumu hizi ikipita saa chache kifungo kinakaza na haisaidii tena. Kutoka bonde la Mang'ola kupanda mpaka Karatu mjini mnajua barabara ilivyo, kwa hiyo msisubiri kuona "kama itatulia". Pikipiki iwake mara moja, na mmoja abebe chupa yenye lebo. Daktari akijua jina ameokoa muda.

Sumu iliyobaki ifungiwe kwa kufuli mbali na chakula, si juu ya dari la chumba anacholala kijana. Nyumba nyingi zina mtu mwenye msongo ambao hakuna aliyeujua. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, na anayezifua, ambaye kwa kawaida ni mama, naye avae glavu. Chupa ikiisha, isuuze mara tatu na maji hayo ya kusuuza yaingie kwenye bomba ukayamalizie shambani, si mferejini, maana mfereji huo kuna watu wanachota maji ya kunywa huko chini. Kisha itoboe kwa msumari pande zote, isije ikabebewa mafuta ya taa wala maziwa.